Mimba Mbili katika Faili la Jirani

Mimba zangu mbili za kwanza zimeandikwa katika faili la mwanamke mwingine. Hakuna aliyeniibia. Nilizipeleka mwenyewe kwa miguu yangu, nikaitikia jina lisilo langu, nikatia sahihi ambayo nilikuwa nimejizoeza kuiiga nyuma ya risiti ya duka. Watu wakiniuliza kwa nini nilichelewa kumpata daktari wa kunichunguza, huwajibu kwamba hospitali za Dubai ni ghali. Wanatikisa kichwa na kunionea huruma, na mazungumzo yanaishia hapo.

Tulikuwa tukikaa mtaa wa Karama, watu wanne katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa mbao za plaiwudi. Upande wa dirisha tulikuwa mimi na mume wangu, Wakenya wa magharibi. Upande wa mlango walikaa mume na mke kutoka Uganda, Waislamu, watu wapole kuliko sisi. Mbao hazikufika dari, kwa hiyo tulijuana mpaka kukoroma. Mume wangu alikuwa mlinzi wa jengo la ofisi. Mimi nilifanya kazi katika kiwanda cha kufulia mashuka na taulo za mahoteli, huko Dubai Investments Park, safari ya basi la kampuni asubuhi na jioni. Jirani yangu, yule mke, alikuwa keshia katika duka kubwa la nguo, na kampuni yake ilimpa kadi ya bima ya afya wakati sisi wafuaji tukiumwa tulipewa Panadol na msimamizi, tena kwa kununiwa.

Nilikuwa mke wa mtu. Nalisema hilo kwa hasira kwa sababu nimelazimika kulieleza mara nyingi mno. Wazee wa upande wa mume wangu walikuja nyumbani kwa baba, wakakaa sebuleni mpaka mchana ukapinduka, ng'ombe wakaletwa wiki iliyofuata, na shangazi zangu wakaimba hadi sauti zikawakauka. Kwetu hiyo ni ndoa, na anayebisha aende akabishane na shangazi zangu. Ila hakuna aliyeandika karatasi yoyote, wala hakuna aliyeona haja.

Dubai ya miaka ile, mwanamke mjamzito akifika hospitalini aliulizwa cheti cha ndoa kabla hajaulizwa anaumwa wapi. Cheti chenyewe kiwe na mihuri ya serikali ya kwao na ya ubalozi. Asiyekuwa nacho, mimba yake ilikuwa kesi ya polisi. Tuliwajua wasichana waliorudishwa makwao kwa ajili hiyo, na mmoja alipitia jela kwanza. Kwa hiyo nilipokosa siku zangu mwezi wa kwanza, na wa pili, sikumwambia mtu ila mume wangu. Tulikubaliana nitafanya kazi mpaka mwezi wa nne, kisha nirudi Kenya nikajifungue.

Damu ilianza nikiwa kwenye mashine ya kupiga pasi mashuka, kabla ya chakula cha mchana. Niliomba ruhusa kwa kisingizio cha tumbo la kuendesha. Jirani yangu siku hiyo alikuwa na mapumziko, akanikuta bafuni nimejikunja, nimeuma taulo nisipige kelele.

"Dada, hii si ya kukaa nayo," alisema. "Chukua card yangu. Chukua na ID. Wale watu hawaangaliangi uso."

"Na wakiangalia?"

"Funga kitambaa changu. Wewe na mimi kwao ni mtu mmoja."

Alikuwa hajakosea. Mpokeaji wagonjwa alitazama picha ya kitambulisho, akanitazama mimi, akarudia kutazama picha, akaniambia nikae. Jirani yangu ni mfupi kuliko mimi na ana mwanya. Nilishukuru Mungu na papo hapo nikaona uchungu kwamba inawezekana kutoonekana kiasi kile.

Daktari alisema mtoto hayupo tena, na kwamba lazima nisafishwe kizazi. Halafu muuguzi akaleta fomu ya mume. Pale mume ndiye anayetia sahihi, na mume wa jina lile, yaani wa jirani yangu, alikuwa dereva wa basi la shule, wakati huo yuko barabarani na watoto wa watu. Ilibidi asubiriwe. Mume wangu aliwasili kwanza, na sare yake ya ulinzi, jasho likimtiririka. Muuguzi alimuuliza yeye ni nani kwangu. Akasema ni kaka yangu. Akaambiwa kaka wa mgonjwa angoje nje.

Mganda wa watu alifika saa moja baadaye, akatia sahihi bila kuniangalia usoni. Muuguzi akamgusa bega, akampa pole, akamwambia kwa Kiingereza kwamba wataalamu wanasema jambo hili hutokea sana, asikate tamaa, mke wake bado mdogo. Akajibu, "Inshallah." Nilimwona mume wangu kupitia kioo cha mlango, amesimama na kofia mkononi. Hakuna aliyempa pole. Mpaka leo sijui kama amewahi kuisikia kutoka kwa mtu mwingine asiyekuwa mimi.

Nilipewa cheti cha kupumzika siku saba. Kilikuwa na jina la jirani. Nilipumzika kesho yake tu, Ijumaa ya mapumziko, na Jumamosi nikarudi kwenye mashuka.

Mimba ya pili iliingia kabla mwaka haujaisha. Hiyo niliilinda kama yai. Niliomba kuhamishwa kutoka kwenye mashine nzito, nikapelekwa kukunja taulo. Sikubeba hata ndoo. Ilifika wiki ya kumi na moja, nikaanza kuwaza majina kimyakimya, kisha ikatoka vilevile. Hospitali ileile, kitambaa kilekile, dereva yuleyule akaitwa kutia sahihi. Tofauti ilikuwa daktari. Huyu alivuta kiti, akakaa, akasoma faili kwanza.

"Hii ni mara ya pili," alisema. "Nitapeleka kinyama kilichotoka maabara wakipime. Rudi baada ya wiki tatu. Na ikitokea tena, Mungu apishe mbali, tutakuchunguza kila kitu, wewe na mume wako."

Nililia kwa furaha, mkinielewa ni furaha ya namna gani. Kulikuwa na mtu aliyetaka kujua. Niliporudi chumbani nilimsimulia jirani yangu kwa pupa, nikamwambia tarehe ya kufuata majibu. Alikuwa akimenya viazi. Mume wake akajibu kutoka ng'ambo ya mbao.

"Khalas. Mara mbili imetosha. Kazini kwake wamepata message ya bima, wamemuuliza kama amepona. Nani ana mimba? Nani amepona? Wakishika mmoja wameshika wanne."

Nilimsihi. Nilimwambia ni karatasi moja tu. Alisema yeye ametia sahihi mbili mbele ya Mungu na serikali kwa mke asiye wake, na hatatia ya tatu. Hakupandisha sauti. Nilimchukia mtu yule wiki nyingi, na kila nilipokuwa namchukia nilijua kwamba ana haki. Jirani yangu alianza kupika mapema tusikutane jikoni. Siku ya majibu ilifika, ikapita, nikiwa kiwandani nakunja taulo.

Mume wangu hakuwa mtu wa maneno. Aliniambia, "Tutaenda home tufanye hii maneno officially. Cheti, stamp, kila kitu. Halafu hakuna mtu atatuuliza." Nikaona ni kweli. Likizo yetu ilipofika tulikwenda kwa msajili, tukasimama mbele ya meza yenye vumbi, tukaulizwa kama tunakubali, watu tuliokula ng'ombe miaka mitatu nyuma. Tukazunguka Nairobi na karatasi ile kutoka dirisha hadi dirisha, tukigongewa mihuri. Mama mkwe alinipima tumbo kwa macho tangu nilipoingia mpaka nilipotoka. Siku ya kuondoka akaniuliza, "Huko mnakula nini chenye kinazuia watoto?" Nikamwambia wali. Nilikuwa nimechoka kutukanwa kwa upole.

Tuliporudi, sheria ilikuwa imezibana kampuni hata za watu kama sisi, nami nikapewa kadi yangu ya bima, ya daraja la chini kabisa, lakini yenye jina langu. Basi mimba ya tatu niliingia nayo kliniki kifua mbele. Cheti ninacho, kadi ninayo, mume yuko ubavuni mwangu na shati la kupigwa pasi. Muuguzi alichukua nakala ya cheti, akaibana kwenye faili jipya, akauliza swali la kwanza.

"Hii ni mimba ya ngapi?"

Nilifungua mdomo, nikaiona ile nakala. Tarehe ya ndoa ilikuwa pale juu, nyeusi, wino haujazeeka. Tulikuwa na miezi mitano ya ndoa. Nikisema ya tatu, zile mbili zilipatikana nje ya ndoa, katika nchi ambayo hilo ni kosa la jinai. Na zilitibiwa wapi? Kwa kadi ya nani? Karatasi tuliyoisafiria mpaka Kenya ili initoe kwenye shimo ndiyo iliyonifungia humo. Mume wangu naye aliiona. Alinikanyaga mguu chini ya meza, polepole.

"Ya kwanza," nikasema.

Wiki ya tisa waliniwekea mashine ya picha tumboni, daktari akaisogeza huku na huku, akageuza skrini upande wake, na mimi nikajua. Nilishakuwa mtaalamu wa kuwasoma madaktari. Alikuwa mama wa makamo, mwenye moyo mzuri, na wema wake ndio ulionikata maini zaidi. Alinishika mkono.

"Mimba ya kwanza hutoka kwa wanawake wengi," alisema. "Haina maana kwamba una tatizo. Hatuchunguzi baada ya moja. Utapata mwingine."

"Na zikiwa tatu?"

"Zikiwa tatu zinafuatana, hapo tunapima damu, homoni, kizazi, kila kitu. Lakini wewe hutafika huko, inshallah."

Nilikuwa nimeshafika. Nilikuwa nimelala pale mbele yake na tatu zangu, jeli baridi ikiwa bado tumboni, na sikuweza kuhesabiwa zaidi ya moja. Nilitaka kupiga mayowe. Nilisema asante daktari.

Nilijaribu kwingine. Katika kliniki ya upande wa Deira nilisema mbili zilitoka nikiwa Kenya, wakataka barua za Kenya. Mume wangu akapata wazo la kumtuma binamu yake akanunue barua kwenye zahanati fulani, mpaka nilipomwonyesha pasipoti yangu. Isipokuwa ile likizo moja, mihuri yasema nilikuwa Dubai miaka yote. Bima nayo ilijibu kwamba vipimo vya aina hiyo havilipiwi bila historia iliyothibitishwa na daktari. Kanisani, kikundi cha wanawake kiliniwekea mikono kichwani, na mmoja akaniuliza taratibu kama kuna mtu sijamsamehe. Nikamwambia orodha ni ndefu. Sikurudi tena kwenye kikundi.

Nilianza kuuogopa mwili wangu. Siwezi kulisema kwa namna nyingine. Nilikuwa nikioga naangalia tumbo kama mtu anayemtazama mpangaji asiyemwamini. Mume wangu alianza kuchukua zamu za ziada, na sikumlaumu, maana hata mimi ningeweza ningejichukulia zamu ya kuwa mbali na mimi. Tulikuwa hatugusani. Kushika mimba nyingine bila kujua kinachowaua ilikuwa sawa na kumwalika mtoto wa nne kwenye nyumba inayoungua, na yeye alilijua hilo kama mimi.

Kisha jirani yangu akashika mimba.

Aliniambia jikoni, mchana, nikiosha mchele. Uhusiano wetu ulikuwa umeshatengemaa, tulishaanza hata kuchekana. Alisema huku ameangalia chini, na nikamkumbatia, na nilikuwa namaanisha. Lakini aliendelea kusimama pale.

"Dada, kuna kitu ingine. Daktari alifungua file. Alinipa pole sana. Alisema, 'Umepoteza wawili, safari hii hatukuachi peke yako.'"

Mchele ulinimwagika kwenye sinki. Nilikuwa nimengoja maneno yale miaka mitatu. Nimeyawaza nikiwa kwenye basi la kampuni, nimejipangia hata nitakavyolia nikiambiwa. Na yalikuwa yamesemwa, kwa sauti, na daktari halisi, kwa mtu ambaye hajawahi kupoteza chochote.

"Ukamwambia nini?"

"Ningesema nini? Nikisema si mimi, watauliza ni nani."

Akaniorodheshea aliyopewa, kwa aibu, kama mtu anayekiri wizi. Miadi kila wiki mbili. Namba ya simu ya muuguzi wa kumpigia akipata wasiwasi. Vipimo vyote vya damu, vile nilivyovikariri majina. Nikamwambia, na sioni haya kuandika, kwamba nitakwenda mimi. Nitafunga kitambaa, nitachukua kadi, watoe damu yangu. Tulifanya hivyo mara mbili, tutashindwaje mara ya tatu? Alinitazama kwa huruma kiasi kwamba nikataka kumpiga kofi.

"Watapima na mtoto siku hiyohiyo," alisema.

Tumbo langu lilikuwa tupu. Nilikuwa nimesahau, kwa dakika nzima, kwamba safari hii mgonjwa alitakiwa awe na mimba.

Alikwenda yeye. Walimtoa damu chupa saba, akaja kunionyesha alama mkononi, sijui kwa nini, labda alitaka nijue kwamba ameumia kidogo. Baada ya wiki mbili akarudi na bahasha. Alinikuta nimekaa kitandani kwangu, akaingia upande wetu bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akafunga pazia.

"Soma haraka," alisema. "Bwana hajui nimekuletea. Natakiwa kurudi nayo Jumatatu."

Zilikuwa kurasa tatu. Mbili za mwanzo zilikuwa za damu yake, na kila mstari ulisema kawaida, kawaida, kawaida. Ya tatu ilikuwa ya zamani. Daktari aliyevuta kiti akakaa alikuwa ametimiza neno lake. Alikipeleka kinyama maabara, na majibu yakakaa ndani ya faili muda wote ule yakimngoja mtu aliyekatazwa kuyafuata. Kromosomu arobaini na sita. Hakuna kasoro. Jinsia, kike.

Nilimwuliza jirani yangu daktari alisemaje.

"Alisema mtoto alikuwa mzima. Kwa hivyo shida inakuwanga kwa mama. Lakini wamepima mama, hana shida. Ameandika hakuna sababu. Amefunga hiyo maneno."

Nilisoma ukurasa ule wa tatu mpaka nikaujua. Alikuwa msichana, na alikuwa mzima. Alikufa kwa kitu kilichomo ndani yangu, pengine kwenye damu, pengine kitu cha kutibiwa kwa vidonge, na kila kitu kilikuwa kimeshafanywa ili kukitafuta, katika mwili ambao hakimo. Nikamrudishia bahasha. Alianza kulia, mikono imeshika tumbo lake, na ni mimi niliyembembeleza, kwa sababu yeye alikuwa na mtoto wa kumtunza.

Wiki iliyofuata nilirudi kwenye kliniki yangu, kwa yule mama wa makamo. Mume wangu alikuwa kazini. Nilimwambia nataka kupimwa damu. Sikutaka dawa wala ruhusa ya kupumzika, nilitaka damu yangu ipimwe kama inaganda vibaya, na vipimo vinginevyo. Nilivitaja kwa majina. Alishangaa, akavua miwani.

"Mtu aliyepoteza mimba moja hatumfanyii haya," alisema. "Mara nyingi kasoro huwa ni ya mtoto mwenyewe, si ya mama. Una sababu gani ya kudhani mtoto wako alikuwa mzima?"

Sababu nilikuwa nayo. Niliijua mpaka idadi ya kromosomu. Kwenye skrini yake palikuwa na jina langu kamili, tarehe yangu ya ndoa, na idadi ya mimba: moja. Nikawafikiria watu wanne wa chumba kile, na wa tano aliyekuwa njiani.

"Sina sababu, daktari," nikasema.

Akanipa vidonge vya kuongeza damu, akaniambia nijaribu tena.